Sura ya Nne: Mitumbwi Miwili na Tumbo Moja

Mwaka 1984, katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, mbio za matanga zilifanyika Long Beach. Miongoni mwa waliokuja kushindana alikuwamo Mdenmark wa miaka 56, Paul Elvstrøm. Hakuna baharia pale asiyemjua. Alikuwa amekwisha kuchukua medali 4 za dhahabu mfululizo, kuanzia 1948 hadi 1960, zote akiwa peke yake ndani ya mashua ndogo ya tumbo moja. Safari hii alikuja na chombo cha namna nyingine kabisa, katamarani aina ya Tornado, na baharia wake alikuwa binti yake, Trine. Baba alishika kana ya usukani, binti akaning'inia kwenye waya nje ya chombo. Walimaliza wa nne.

Watu hukumbuka kisa hiki kwa sababu ya umri wake, na kwa sababu ya baba na binti. Mimi kinanivutia kwa jambo jingine. Mtu aliyeijua mashua ya tumbo moja kuliko yeyote wa zama zake alihamia chombo kinachokwenda mara mbili ya kasi aliyoizoea, na akabaki karibu na kilele. Alibeba nini kutoka kule alikotoka? Alilazimika kuacha nini? Nikiweza kulijibu hilo, nitakuwa nimeeleza tofauti yote iliyopo kati ya mbio za dingi na mbio za katamarani.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Dingi ninayoisema hapa si ile ya vijana wa mjini, yaani mzee wa nyumbani. Ni mashua ndogo, nyepesi, ya tumbo moja, isiyo na mkuku mzito. Ina ubao unaoshushwa majini kuizuia isisukumwe upande, na kinachoifanya isimame wima ni uzito wa watu wake tu. Katamarani ni mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa kwa vyuma, katikati pamewambwa turubai watu wakalie. Maneno yote mawili yametoka ng'ambo ya bahari yetu hiihii. Dingi ni neno la Bara Hindi, na katamarani limetokana na Kitamil, likimaanisha magogo yaliyofungwa pamoja. Wazungu walipokutana na vyombo vya mitumbwi miwili vya visiwa vya Pasifiki wakalichukua lile jina la Kitamil wakalipachika huko, nalo likaganda.

Sisi wa pwani tuna cha kwetu kinachosimama katikati ya hivyo viwili. Ngalawa ni mtumbwi mmoja, lakini ina mirengu miwili, mmoja kila upande, na hiyo ndiyo inayoushika mtumbwi mwembamba usibiringike tanga linapojaa. Yeyote aliyeiona ngalawa ikikata maji wakati wa kusi, mtu amekaa juu ya mti wa mrengu wa upande wa joshi, unakotoka upepo, ameshaiona siri ya kwanza ya katamarani bila kuambiwa na mtu.

Siri hiyo ni wembamba. Chombo chochote kinachopasua maji hutengeneza wimbi mbele yake na jingine nyuma yake. Kadiri kinavyoongeza mwendo ndivyo mawimbi hayo mawili yanavyoachana, mpaka chombo kinajikuta kimelala katika bonde, omo imeinuka mbele na tezi imezama nyuma, kinajaribu kupanda mlima kilioutengeneza chenyewe. Hapo kasi inakwama. Mabaharia wana hesabu yao: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa sehemu iliyo majini, kwa mita, uzidishe kwa 2.4, utapata kasi hiyo kwa noti. Dingi aina ya Laser, iliyosanifiwa na Mkanada Bruce Kirby, ina mita 3.8 majini. Ukipiga hesabu unapata noti 4.7, sawa na kilomita zisizofika 9 kwa saa. Mtu mwenye pumzi nzuri akikimbia ufukweni anaiacha.

Dingi ina njia ya kutoka kwenye bonde hilo. Upepo ukiwa wa kutosha na tumbo lake likiwa bapa upande wa nyuma, huinuka ikaanza kuteleza juu ya maji badala ya kuyapasua, kama jiwe bapa watoto wanalolirusha likaruka-ruka. Ikifika hapo Laser huvuka noti 10 bila shida, na aliyeishika huhisi usukani umekuwa mwepesi ghafla mkononi. Lakini lazima upepo uwe nyuma au ubavuni. Inapopanda joshi, kwa upepo wa kawaida, hurudi kwenye zilezile noti 4 hadi 5.

Katamarani haihitaji kutoka bondeni kwa sababu bonde lenyewe hailichimbi. Mtumbwi mmoja mmoja ni mwembamba mno kwa urefu wake. Unapita kama kisu, na wimbi unaloliacha ni dogo. Swali linabaki: kitu chembamba hivyo kitabebaje tanga kubwa bila kulala ubavu? Hapo ndipo unapoingia upana. Laser ina upana wa karibu mita 1.4. Baharia wake hunasa miguu kwenye ukanda, akaulaza mwili nje kadiri tumbo na mapaja yanavyostahimili, na bado uzito wake hauendi mbali na mstari wa katikati. Tornado ina upana wa mita 3. Mtumbwi wa joshi ukiinuka majini, chombo chote kinasimama juu ya ule wa demani, upande unakokwenda upepo, na aliyening'inia kwenye waya yuko karibu mita 4 kutoka hapo. Kila mtoto aliyecheza pembea ya ubao anajua kwamba aliyekaa mbali zaidi ndiye anayemwinua mwenzake. Mwili uleule, kilo zilezile, lakini nguvu ya kulizuia tanga imeongezeka maradufu na zaidi.

Haya hayakugunduliwa juzi. Mwaka 1876, huko New York, kijana wa miaka 28 aliyeitwa Nathanael Herreshoff alileta katika mashindano ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru wa Marekani chombo cha mitumbwi miwili alichokiita Amaryllis. Kikazipita mashua nyingine kwa namna ambayo wenyewe hawakuweza kuvumilia. Walilalamika, wakamnyima ushindi, na vyombo vya namna hiyo vikafungiwa nje ya mashindano yao. Herreshoff huyohuyo baadaye akawa msanifu wa mashua 5 zilizolitetea Kombe la Amerika la mbio za matanga, zote za tumbo moja. Fikra aliyoianzisha ililala kwa karibu miaka 80 kabla ya kuamshwa tena. Ninaamini mchezo huu ulipoteza mengi kwa uamuzi ule wa watu waliojali heshima ya klabu kuliko kujua maji yanasemaje.

Tornado yenyewe ilisanifiwa na Mwingereza Rodney March mwaka 1967, ikaingia Olimpiki 1976 na kutoka baada ya 2008. Ndugu yake wa sasa ni Nacra 17, inayoendeshwa na mwanamke na mwanamume pamoja, na tangu Michezo ya Tokyo ina mabawa majini yanayoiinua juu kabisa ya maji.

Sasa niliguse jambo ambalo bila kulielewa mbinu zote zitakazofuata zitaonekana kama uchawi. Panda bodaboda siku isiyo na upepo hata wa kutikisa jani. Ikianza kwenda, upepo unakupiga usoni. Hakuna upepo, wewe ndiye uliyeutengeneza kwa mwendo wako. Chombo cha tanga nacho hivyohivyo. Kuna upepo wa kweli, ule unaoupeperusha mnazi ufukweni, na kuna upepo wa chomboni, yaani ule wa kweli ukichanganyika na ule wa mwendo. Tanga halijui mwingine ila huu wa pili. Chombo kikienda polepole, pepo hizo mbili zinakaribiana sana. Kikienda kwa kasi, upepo wa chomboni unasogea mbele, mbele, mpaka unafika mahali unakwenda na upepo wa tezi, lakini uso wako unahisi upepo wa ubavuni, au hata wa mbele kidogo.

Ndiyo maana katamarani haiendi moja kwa moja inapokwenda na upepo. Dingi ya kawaida ikizunguka boya la joshi hulifungua tanga lote, ikauelekea mstari wa chini karibu sawasawa, ikisukumwa mgongoni. Ikifanya hivyo katamarani, kadiri inavyoongeza kasi ndivyo inavyoukimbia upepo wake yenyewe, na tanga linalegea. Basi hukata pembe, digrii 40 au 45 kutoka upepo wa tezi, ikatengeneza upepo wake na kuula, kisha hugeuka na kukata pembe ya upande wa pili. Tazama hesabu. Tuseme boya liko mita 1,000 chini. Laser inakwenda moja kwa moja kwa noti 5 na kufika baada ya dakika 6 na nusu. Katamarani kwa pembe ya digrii 45 inasafiri mita 1,414, lakini kwa noti 15 inafika kwa dakika 3 na sekunde chache. Imezunguka mbali na imewahi kufika.

Nimesikia watu wakisema kwamba mbio za katamarani hazina mbinu, ni kasi tu, kama mbio za magari katika barabara iliyonyooka. Nadhani kauli hiyo inatolewa na watu waliozitazama kutoka ufukweni. Majini mambo ni tofauti, na tofauti yenyewe inaanza hata kabla ya kipenga.

Mashua za dingi hufika mapema kwenye mstari wa kuanzia. Zinasimama pale, matanga yakipiga-piga, zimebanana bega kwa bega, na kazi ya kila nahodha ni kulinda nafasi kidogo upande wake wa demani, kama mtu anayelinda kiti kwenye daladala. Sekunde za mwisho anaikaza kamba ya tanga, anaulaza mwili nje, na mashua inaanza kwenda kwa kutumia hiyo nafasi aliyoilinda. Asipokuwa nayo, jirani wa demani anambana, upepo wake unachafuka, na mbio zake zinakwisha kabla hazijaanza.

Katamarani haiwezi kukaa hivyo. Ikisimama hutulia vibaya, hurudi nyuma, husukumwa upande, na kuitoa tena kwenye kusimama huchukua muda. Lakini ikipewa nafasi ya kukimbia, inapanda kutoka kasi ndogo hadi kasi kamili ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo nahodha wake hukaa mbali na mstari, anahesabu, kisha anaujia kwa mbio akiomba ukweli wa hesabu yake. Akiwahi sekunde 2 amevuka kabla ya wakati. Akichelewa sekunde 2, kwa noti 10, yuko mita 10 nyuma. Hii nayo ni mbinu; ila imehama kutoka kwenye viwiko na kuingia kwenye saa.

Baada ya kuanza kuna kupiga bisho. Chombo hakiwezi kwenda usoni mwa upepo, kwa hiyo hupanda kwa pembe, upande huu kisha upande ule, na kila kubadili upande ni mgeuko. Hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa kuliko mahali pengine popote.

Mgeuko wa dingi ni kitu kizuri kukitazama. Baharia anailaza mashua kidogo upande wake, omo inapita kwenye upepo, anaruka upande wa pili na kuibetua isimame wima, na ule mbetuko wenyewe unalipiga tanga kwenye hewa kama kafi. Baharia hodari wa Laser hutoka kwenye mgeuko bila kupoteza zaidi ya urefu wa mashua yake. Katamarani haina hayo. Mitumbwi miwili mirefu iliyopangwa sambamba haipendi kuzunguka. Ni chombo chepesi, hakina uzito wa kukisukuma kipite kwenye upepo, na upana wake wote unapambana na hewa. Hobie 16, ile ya matanga ya rangi rangi inayoonekana mbele ya hoteli nyingi za ufukweni duniani, haina hata ubao wa kushusha majini. Ili igeuke, lazima uliache tanga la mbele lishikwe na upepo upande usio wake mpaka liivute omo ipite, na hapo ndipo ulegeze. Ukikosea, unabaki umeukodolea upepo macho, chombo kinarudi kinyumenyume, na wenzako wanapita mmoja mmoja.

Tuipe tofauti hiyo tarakimu. Tuseme katamarani inayopanda joshi kwa noti 10 inapoteza sekunde 5 katika mgeuko. Hizo ni mita 25. Laser inayokwenda noti 4 na nusu, ikipoteza sekunde 2, imepoteza mita zisizofika 5. Weka kando ya hilo kanuni ya zamani ya wapiga bisho: mashua mbili zikiwa zimetengana mita 100 kwa upana, upepo ukigeuka digrii 10, ile iliyo upande ulikogeukia upepo hupata faida ya karibu mita 25. Nahodha wa dingi akiona upepo umegeuka hata digrii 5 au 6, anageuka nao. Mgeuko wake ni wa bei ndogo. Anaweza kugeuka mara 15 katika mpando mmoja, akifuata kila pumzi ya hewa. Nahodha wa katamarani akifanya hivyo atafika wa mwisho. Kila mgeuko anaununua kwa bei ya faida yote ambayo upepo ungempa, kwa hiyo lazima ajiulize: upepo huu umegeuka kweli, au unapepesuka tu na utarudi? Na alipaswa kuwa amelijibu kabla ya kuanza, alipokuwa akilitazama anga, wingu lililo juu ya nchi kavu, na rangi ya maji upande wa kushoto na wa kulia.

Wavuvi wa ngalawa wanaifahamu bei hii kwa mikono yao. Kugeuza tanga letu la pembetatu ni kuihamisha foromali, mti unaobeba tanga, upande wa pili wa mlingoti, na hiyo ni kazi ya watu, si ya kuvuta kamba moja. Ndiyo maana nahodha wa ngalawa hupenda mikato mirefu. Huenda mbali upande mmoja, karibu na miamba, akitafuta mahali ambapo mkondo wa maji unamsaidia, ndipo ageuke mara moja. Mtu huyo ukimweka kwenye katamarani, kichwa chake kimeshakuwa mahali pake.

Na upepo wenyewe una sauti yake katika jambo hili. Kusi letu, likishasimama, ni upepo wa kuaminika. Hupuliza mchana kutwa kutoka upande uleule. Kwenye upepo wa namna hiyo mashua yenye kasi ya mstari mnyoofu inatawala. Nenda ziwani, kwenye maji yaliyozungukwa na vilima, ambako upepo unashuka bondeni unakuja hivi, baada ya dakika 3 unakuja vile. Hapo nahodha mwerevu wa dingi anapanda joshi kwa kuruka kutoka pumzi hadi pumzi, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo mchezo huu unapokuwa mtamu kuliko kokote.

Kuna jambo la boya pia. Sheria za kimataifa za mashindano zinaweka duara la kufikirika kulizunguka kila boya, lenye nusu kipenyo sawa na urefu wa mashua 3. Anayefika kwenye duara hilo akiwa ndani, karibu na boya, mwenzake anapaswa kumpa nafasi. Laser ina urefu wa mita 4.2, duara lake ni mita 12.6. Kwa noti 4 utalivuka kwa sekunde 6, muda wa kutosha kuita, kuitikiwa na hata kubishana. Tornado ina mita 6.1, duara lake ni mita 18.3. Kwa noti 15 umelivuka kwa sekunde 2 na nusu. Hakuna mtu anayebishana kwa sekunde 2 na nusu. Haki ya njia lazima iwe imeamuliwa mita 100 kabla, kwa kuangaliana tu.

Mbinu moja inayokufa kabisa kwenye katamarani ni ile ya kumziba mtu upepo kutoka nyuma. Katika dingi, aliye nyuma wakati wa kushuka na upepo ana silaha: tanga lake linatupa kivuli mbele, na akimlenga sawasawa aliye mbele, anamwondolea hewa, anamsogelea, anampita. Uongozi hauna usalama mpaka mstari wa mwisho. Katika katamarani, kwa kuwa upepo wa chomboni unakuja kutoka mbele, kivuli cha kila chombo kinaanguka nyuma yake. Aliye nyuma ndiye anayekula hewa chafu. Anayeongoza anaongoza zaidi. Hiki ndicho ninachokihesabu kuwa udhaifu wa kweli wa mbio za katamarani, na sioni sababu ya kuuficha.

Olimpiki ya Sydney, mwaka 2000, ilionyesha kile ambacho dingi pekee inaweza kukitoa. Mbio za mwisho za Laser ziliwakutanisha Robert Scheidt wa Brazili na Ben Ainslie wa Uingereza, wa kwanza akiongoza kwa pointi. Ainslie hakujaribu kushinda mbio hizo. Alimng'ang'ania Scheidt tangu kabla ya kuanza, akakaa kwenye upepo wake, akamgeukia kila alipogeuka, akamburuta nyuma ya kundi zima. Scheidt akamaliza vibaya, na dhahabu ikaenda kwa Ainslie. Miaka 4 kabla, huko Savannah, Scheidt ndiye aliyemshinda Ainslie kwa ujanja wa mstari wa kuanzia, mpaka wote wawili wakaondolewa katika mbio za mwisho, jambo lililomwachia Mbrazili dhahabu yake. Deni lililipwa. Jaribu kumshikilia mtu hivyo kwa Tornado: akipata mita 20 za hewa safi, ameshakwenda.

Lakini angalia alikoishia Ainslie huyohuyo. Septemba 2013, ghuba ya San Francisco, Kombe la Amerika lilikuwa linagombewa kwa katamarani za mita 22 zenye mabawa majini na tanga gumu kama bawa la ndege, zinazopita noti 40. Oracle ya Marekani ilikuwa imezidiwa na New Zealand, na mbio zilipokuwa zikiendelea wakamwita Ainslie aingie chomboni kama mshauri wa mbinu. Kutoka 8 kwa 1, Oracle ilishinda mbio zote zilizobaki na kulitetea kombe kwa 9 kwa 8. Sitaki kudanganya kwamba ubongo wa mtu mmoja ndio uliofanya hivyo. Mafundi waliibadilisha mashua usiku kwa usiku mpaka ikapata kasi ya kupanda joshi iliyokuwa haina. Lakini waandaaji walikuwa wameelewa jambo moja. Walichora mipaka pande mbili za njia, ikilindwa kwa vipimo vya satelaiti, ili vyombo vilazimike kugeuka na kukutana. Bila mipaka hiyo kila kimoja kingekwenda upande wake na kuonana na mwenzake mwishoni. Kasi ilikuwa imezifukuza mbinu, nao wakazirudisha kwa mistari.

Kisa cha kinyume ni cha kombe hilohilo, San Diego, 1988. New Zealand walileta mashua kubwa mno ya tumbo moja, Wamarekani wakajibu kwa katamarani. Ikashinda mbio 2 kwa 0, kwa mwanya mkubwa kila mara, na mabishano yaliyofuata yaliendelea mahakamani kwa miaka. Hapakuwa na mbinu yoyote ya kusimulia. Ukiziweka kasi mbili zilizoachana sana katika mbio moja, umefuta mbio.

Ni haki pia niseme kwamba mpaka kati ya vyombo hivi umefifia. 49er, iliyoingia Olimpiki mwaka 2000, ina tumbo moja tu, lakini ina kasi ya kutosha kuvuta upepo wa chomboni mbele, na inashuka kwa kukata pembe kama katamarani. Moth, dingi ya mita 3.355 inayosimama juu ya mabawa majini, imepita noti 30 na kuziacha katamarani nyingi. Kwa hiyo kinachotenganisha mbio hizi si idadi ya mitumbwi. Ni kama chombo kinakwenda polepole kuliko upepo, au kinauzidi.

Sasa nirudi kwa mzee wa Denmark. Nimetazama orodha ya waliotamba kwenye katamarani na kuona njia inakwenda upande mmoja. Elvstrøm alitoka kwenye dingi. Ainslie alitoka kwenye dingi. Santiago Lange wa Argentina aliyewahi kushindana Olimpiki kwa Laser mwaka 1996, akahamia Tornado na kupata shaba mara 2, aliondolewa sehemu ya pafu kwa ajili ya saratani mwaka 2015, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka 54, akachukua dhahabu ya Nacra 17 huko Rio pamoja na Cecilia Carranza Saroli, kwa tofauti ya pointi moja. Peter Burling aliyeiongoza katamarani ya New Zealand kulichukua Kombe la Amerika Bermuda mwaka 2017 alikuwa bingwa wa 49er na Moth. Ruggero Tita wa Italia, mshindi wa Nacra 17 katika Michezo ya Tokyo na tena ya Paris, alitoka kwenye 49er. Walichokibeba wote ni jicho la upepo, lililonolewa na maelfu ya migeuko ya bei ndogo. Walichokiacha ni tabia ya kujirekebisha njiani, kwa sababu kwenye katamarani hakuna muda huo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: anayetaka kujifunza mbio, aanze na dingi, na asione haya kwa kupitwa. Akae misimu miwili au mitatu akikosea na kusahihisha, ndipo apande mitumbwi miwili.

Na kwenu mnaoandaa resi za ngalawa na mashua katika pwani yetu, nina ombi moja. Pale ambapo njia yenu ni ya upepo wa ubavuni tu, kwenda na kurudi, mnaipima kasi ya tanga na nguvu ya mikono, na ujuzi mwingine wa nahodha unabaki umelala. Tieni nanga boya moja upande wa joshi, mbali, usoni kabisa mwa kusi, na mlazimishe kila chombo kulizunguka.